Segonde Kati ya Moshi na Mulio

Goma, Jumatatu, mwezi wa tano

Yaya Kaswera,

Nakusalimia kwa mikono miwili, wewe na shemeji na watoto wote wa hapo nyumbani, hata yule mudogo ambaye nimemuona kwa picha tu, na kichwa chake kikubwa sawa na changu. Goti lako linakuruhusu kupanda mpaka sokoni, ao bado unamutuma Samy? Maharagi ya safari hii yalifika bila kulowana? Na baridi ya Butembo, bado munailalamikia kila asubuhi kana kwamba imeanza jana? Mimi niko. Nakula, natembea, nafundisha. Mama simuulizii hapa juu. Nitafika kwake chini, nipe nafasi.

Najua umenikasirikia. Samy wako aliniandikia meseji. Anasema umetangaza kwamba mudogo wako amekuwa mukubwa wa Goma, simu inalia na yeye anaiangalia tu. Anasema nikitajwa unainuka na kuingia jikoni, na kwamba nikija Butembo nitafute pengine pa kulala. Sikatai hata neno moja, simu ililia na niliiangalia. Lakini wewe ndiye uliyenibeba mugongoni, ukaacha shule mwaka wa sita ili mimi nisome, na kukupoteza wewe kunaniogopesha kuliko mabomu yote niliyoyaona. Nakuomba usome barua hii mpaka mwisho, polepole unavyosomaga, halafu uamue kama bado una mudogo wako ao hapana. Anayeileta ni Carlos, dereva wa Fuso. Anapita Rutshuru na kupanda Kanyabayonga, na ameniahidi hataiweka pamoja na mafuta ya mawese.

Acha nianze na shule, kwa sababu wewe uliilipia hesabu hii ninayofundisha na una haki ya kujua niliitumia namna gani. Shule yetu iko juu ya mawe ya volkano, upande wa Lac Vert, kwenye barabara ya kwenda Sake. Mwaka uliopita bashe za wakimbizi, zile hema za plastiki, zilijaa mpaka zikagusa ukuta wa darasa langu. Mama mumoja alikuwa anapika nyuma ya ubao wangu, mimi naandika sinus za pembe mbele, na moshi wake unatupata wote. Darasa la sita la sekondari lilikuwa na watoto wa Rutshuru, wa Masisi na wenyeji, na karibu wote walikuja na njaa. Unamuita mutoto, anafungua jicho moja, analifunga tena. Mimi napiga kelele, unanijua.

Siku moja nikamufukuza musichana mumoja, Umugwaneza, wa Rutshuru, mwenye ulimi mwepesi. Kosa lake ni kwamba aliniuliza sinus itamufaa nini yeye aliyekimbia kwao na sufuria moja kichwani. Alitoka bila kubishana. Nikabaki na chaki mukononi, sina jibu, na darasa lote linaniona kwamba sina. Usiku ule nilikasirika, kwanza na yeye, halafu na mimi mwenyewe. Kesho yake nikamurudisha, nikawaambia wote wafunge madaftari, tunatoka nje.

Tulianza na chukudu, zile mbao za magurudumu mawili ambazo huku zinabeba viazi na makaa. Védaste, anayezitengeneza kando ya barabara, alitukopesha moja. Tukapima muteremuko wa barabara kwa kipimapembe, kamba na jiwe, tukatafuta ni muzigo gani utaipindua. Hesabu ikasema magunia matatu ni salama. Védaste akapakia matatu, chukudu ikapinduka, viazi vikakimbilia barabarani na sisi nyuma yake. Watoto walicheka mpaka machozi, halafu, Yaya, bila mimi kuwaambia, wakakaa chini kutafuta kosa. Baada ya hapo tukapima urefu wa mikalitusi kwa vivuli vyake. Tukapima tangi la maji la kambi, tukajua kabla ya saa sita maji yataishia kwenye bashe ya nani. Hiyo haikuchekesha mutu, lakini watu wa kambi walibadilisha zamu za kuchota kwa sababu yetu.

Halafu vita vikashuka. Kutoka uwanja wa shule tunaviona vilima vya upande wa Sake. Asubuhi moja ya jua, tukiwa nje na kamba zetu, moshi mweupe ukatoka mugongoni mwa kilima kimoja, mudogo tu, kama mutu amewasha kiko. Watoto wakalala chini, ndiyo tabia waliyokuja nayo. Umugwaneza hakulala. Alikuwa anahesabu segonde kwa sauti. Mulio ulipofika akanigeukia, akataka kujua sauti inakimbia mita ngapi kwa segonde moja. Nikamwambia mia tatu na arobaini. Akaandika kwa makaa juu ya jiwe, akasema basi hao wako kilomita kumi na tatu. Darasa likanyamaza. Nimefundisha miaka mingi, sijawahi kuona watoto wakinyamaza hivyo kwa sababu ya kuzidisha.

Tangu siku ile ndiyo ikawa somo letu. Kikundi kimoja kilibaki uwanjani, kingine kikaenda upande wa ziwa, cha tatu juu ya mawe. Kila kikundi kilikuwa na simu moja ya kupima segonde na kipimapembe kimoja. Ukutani mwa darasa tukachora vilima vyote kwa makaa, na mahali mistari mitatu inakutana tunapiga alama. Watoto waliokuwa wanalala sasa walinitangulia kufika. Mumoja alijifunza tangente kwa siku moja, mutoto ambaye alikuwa ameshindwa kugawanya. Nilikuwa mwalimu muzuri, Yaya. Inaniuma kuandika hivyo, lakini sikuwahi kuwa muzuri vile, na vita ndivyo vilivyonipa darasa lile.

Habari ikatoka darasani. Mama Nsimire, mama wa upande wa Bukavu aliyeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kwenye mulango wa shule, akaanza kuniuliza kila asubuhi watoto wamepata ngapi. Wakipata mbali anatandaza samaki zake, wakipata karibu anabeba beseni na kurudi soko la Kituku. Prefe wetu, mukubwa wa shule, Buhendwa, alinigombeza kwamba nageuza shule kuwa kambi ya askari, na wiki iliyofuata ndiye aliyekuwa anatuma mutu kuuliza kabla ya kupiga kengele. Hata muzee Ntirenganya, mukubwa wa bashe zote zile, alikuja na kofia mukononi. Watu maelfu walipanga siku yao kwa hesabu ya watoto wangu. Wakisikia kumi na tano wanaanika nguo. Wakisikia nane wanafunga magodoro. Na mimi, cheka ukitaka, nilianza kutembea kwa mwendo wa daktari.

Umugwaneza peke yake hakuridhika. Alinifuata siku moja baada ya somo, akasema tunajua mulio unazaliwa wapi, lakini chuma chenyewe kinaangukia wapi? Tumepima mudomo wa kanoni, ule muzinga, akasema, je, mukono wake ni murefu kiasi gani? Nikamwambia hiyo ni parabole, njia inayopinda ya kitu kilichorushwa, ni sura ya mbele, tutaifikia baada ya mitihani, programu ni programu. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu na sikupenda tena kuonekana sina jibu mbele ya yule mutoto. Akasema sawa mwalimu, akaenda.

Ijumaa moja watoto wakapata kumi na moja. Muzee Ntirenganya alifika mapema. Akasema watu wake wanataka kushuka muji, kulala kwenye makanisa, lakini mvua inanyesha, kuna wamama waliozaa wiki hiyo, na bashe ukiivunja hutaikuta tena. Akasema atafanya nitakavyosema. Nikamwambia kumi na moja ni mbali. Sikufikiri hata kidogo, nilijibu kama mutu anayeulizwa saa. Akavaa kofia yake, akaenda kuwaambia watu wabaki.

Mvua ikakatika, mama Nsimire akatandaza sambaza. Nilikuwa nimesimama mbele yake, namutania kwamba leo ameleta vichwa tu, na yeye ananijibu kwamba mwalimu asiyeoa hana haki ya kuchagua samaki. Hilo ndilo neno la mwisho. Nilipofungua macho nilikuwa nimelala juu ya mawe, vumbi kila mahali, sambaza zimenijaa kifuani. Mama Nsimire alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, beseni kwenye magoti. Nilimwambia ainuke. Nilimwambia tena. Alikuwa amekufa.

Nyuma yake bashe zilikuwa zinawaka. Watu walikuwa wanakimbia na watoto mikononi, wengine wamepiga magoti, na mimi nikashangaa kwamba mahali palipoanguka watu hivi hakuna anayelia. Midomo yote ilikuwa wazi. Niliangalia mudomo mumoja, halafu mwingine, halafu nikapiga makofi mbele ya uso wangu. Hapo ndipo nilijua.

Hesabu ilikuwa sahihi. Nimeirudia hata leo. Kanoni ilikuwa kilomita kumi na moja, na kilichotoka ndani yake kilitufikia bila taabu. Tulipima mudomo. Muzee Ntirenganya alizika wajukuu wawili katika ile bashe aliyobaki nayo kwa neno langu. Nilienda kwake, nikasimama. Hakunitukana. Alinivutia kiti, na hicho kiti ndicho kinanirudia usingizini.

Basi sasa unajua, Yaya. Sisikii. Si sikio moja, ni yote mawili. Muganga wa kituo cha afya aliniandikia kwenye karatasi kwamba pengine yatarudi, nisubiri. Nikasubiri. Sikumwambia mutu, kwa sababu mwalimu asiyesikia anarudishwa nyumbani, na wewe hukuacha shule ili mimi nirudishwe nyumbani. Watoto walijua siku ya kwanza tu. Hawakusema neno kwa prefe. Wakapanga wenyewe kwamba swali linaandikwa ubaoni, na mutu akigonga mulango, anayekaa mbele ananionyesha kwa kidole. Prefe nadhani amejua pia. Siku hizi akiniongelesha ananisogelea uso kwa uso na kusema polepole, na hajaniuliza kitu.

Siku muji ulipobadilisha wenye nguvu tulikuwa darasani. Niliona vichwa vyote vinainuka pamoja, nikaelewa. Nilimuangalia Umugwaneza. Alikuwa ameweka mikono juu ya meza, anafungua kidole kimoja kimoja ili nione segonde, na alifunga mikono kabla vidole havijaisha. Hatukuhitaji ukuta wala makaa, tulijificha chini ya meza mpaka jioni. Baadaye kambi ilivunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao. Umugwaneza alibaki kwa shangazi yake hapa Goma, na shule ilipofungua akarudi. Mulango wa shule hauna tena mutu anayeuza.

Ndiyo maana ya simu. Kila ilipotetemeka mufukoni na jina lako likatokea, niliiangalia mpaka ikazima, kwa sababu nikiipokea nitasema halo, halo, na wewe utajua. Nilijiambia masikio yatarudi, nitakupigia kwa sauti yangu ya kawaida, utanitukana kidogo, tutacheka. Uliponiandikia maneno mawili tu, chukua simu, nilikujibu niko na kazi, nitapiga. Uliandika hivyo mara tatu, na mara tatu nilikujibu hivyo. Niko na kazi. Yaya, nisamehe neno hilo hata kama hutanisamehe lingine.

Halafu zikaja sauti zako ulizorekodi. Niliziona zimejipanga kwenye simu, ndefu, fupi, halafu moja ndefu sana, halafu kimya. Sikutaka mutu anisikilizie, mambo ya nyumba yetu si ya kupewa mutoto wa shule. Na kwetu, unajua kuliko mimi, kuna kitu kimoja ambacho hakiandikwi. Kinasemwa kwa mudomo, na mukubwa ndiye anakisema, na mudogo hata kama anakijua anangoja. Kwa hiyo Samy, anayeniandikia hata bei ya chumvi, hicho hakukiandika. Wote mulikuwa mumeheshimu. Mulinipigia simu ili munisemeshe kwa mudomo, na mimi sikuwa na sikio.

Alhamisi iliyopita, baada ya meseji ya Samy kunitisha, nilimuita Umugwaneza saa ya mapumziko. Nikampa simu, nikamuomba asikilize ile ndefu na aniandikie ubaoni, kwa ufupi tu. Nilidhani ni hasira yako. Nilikuwa hata nimetayarisha kucheka. Akaweka simu kwenye sikio, akachukua chaki, na hakuandika. Aliisikiliza mpaka mwisho, akairudisha mwanzo, akaisikiliza tena akinipa mugongo. Halafu akaweka chaki chini na kutikisa kichwa. Nikamwambia aandike. Akakataa. Nikamukaripia kama siku ile ya sinus, na safari hii hakutoka nje. Aliandika kwa herufi nzuri, zile anazotumia kwenye mitihani. Mama yenu amekufa. Walimuzika Jumamosi, upande wa baba. Alikuwa anauliza kila asubuhi kama Grégoire amepiga simu.

Nilisoma mpaka mwisho, nikarudi mwanzo. Yeye alisubiri nimalize, akafuta yote kabla wenzake hawajaingia, akakaa kwenye meza yake. Nilifundisha saa iliyobaki. Usiniulize nilifundisha nini.

Kwa hiyo Mama ndiye huyu niliyesema nitafika kwake chini. Sikuwa na kazi, Yaya. Angeniita kwa njia yoyote ambayo macho yanaiona, ningetembea kwa mguu. Sijui amekufa akifikiri nini juu yangu, ao najua, na hilo litabaki na mimi. Sikuombi unifiche lawama mbele ya ndugu. Waambie tu ni ya nini hasa. Nina lawama ya mama Nsimire na ya wajukuu wa muzee, hiyo ni yangu kabisa. Ya kumudharau Mama si yangu.

Kuna kitu kimoja ambacho nimekifanya na sijamuonyesha mutu. Umugwaneza alipotoka siku ile, nilichukua simu, nikafungua ile sauti yako ndefu, nikaishika ndani ya viganja viwili. Simu inatetemeka kidogo mutu akisema, hukujua, hata mimi sikujua. Inatetemeka namna moja ukisema polepole na namna nyingine ukisema kwa nguvu. Nimeirudia sana. Sasa najua mahali unapotaja jina langu, nadhani ni pale mwanzo, panaporuka mara mbili. Na najua mahali ulipoacha kusema ukalia, kwa sababu pale kinapita kimya kirefu, halafu kunatetemeka bila mupango.

Darasani tumeanza parabole. Tunarusha mawe kwenye uwanja na kupima yanapoangukia, na sasa swali la Umugwaneza nimemujibu mbele ya wote, nikasema pia kwamba nilipaswa kumujibu mwaka uliopita.

Nisalimie shemeji, mwambie suruali aliyonipa bado naivaa. Nisalimie Samy, simulaumu, alifanya vile mudogo anavyopaswa. Mubusu yule mwenye kichwa. Nenda kwa Mama upande ule wa baba, ukamwambie wewe kwa mudomo, kwa sababu wewe ndiye mukubwa, mambo yote niliyoandika hapa. Carlos atakaa Butembo siku chache kabla ya kurudi. Kama umekubali nibaki mudogo wako, usinipigie na usijisumbue kuniandikia. Rekodi sauti, hata ya matusi tu, ndefu vile unavyotaka, unitumie.

Nitaishika.

Mudogo wako, ukikubali,

Grégoire